Sekunde Kumi na Moja

Jumatatu, 1 Juni 2026

Nimetolewa bandeji leo. Mtulinga umeunga, daktari anasema, mwezi huu huu naweza kurudi kurusha ndege. Akaniambia ninyanyue mkono wa kulia. Nikanyanyua. "Safi sana, Kapteni!" Mimi si kapteni. Ni rubani msaidizi. Kapteni wangu yuko chini ya udongo Ganako.

Mkono wa kushoto hakuugusa. Hauna hata mkwaruzo.

Kesho zinatimia wiki saba tangu tuanguke. Kapteni Inosenti Sulle alizikwa nikiwa bado wodini, kwa hiyo sikumzika. Sisi wengine tumepona: mimi, yule mjamzito Nareyu tuliyekuwa tunamkimbiza hospitali kutoka Malambo, na mama mkwe wake, Sintamei. Hata mtoto alitolewa kwa upasuaji kesho yake, mzima. Watu wanasema muujiza. Baba anasimulia dukani kila siku, kila mteja wa misumari na saruji lazima asikie.

Nikiwa natoka, sauti ya mwanamke nyuma yangu: "Thibitisha." Nikashika ukuta. Kumbe ni dada wa dirisha la dawa anamwambia bibi mmoja athibitishe jina lake.

Ndiyo sababu nimenunua daftari hili. Siwezi kumwambia mtu, na nikikaa nayo kichwani nitaanza kuongea peke yangu barabarani.

Thibitisha — hivyo ndivyo Mwenza anavyosema. Mwenza ni programu ya kampuni yetu, imefungwa kwenye ndege zote tangu mwaka jana. Inaona mlima ndani ya wingu, inapanga njia, ukiiruhusu inashika usukani yenyewe. Inaongea Kiswahili fasaha kuliko meneja. Sauti ya upole. Haipandi hata jabali likiwa puani.


Alhamisi, 4 Juni

Meneja Sadiki kaja mwenyewe kutoka Arusha. Kaleta maembe! Kakaa sebuleni na Baba, wamecheka, wamezungumza barabara na baridi ya mwaka huu. Baba alipokwenda kuswali adhuhuri, akatoa karatasi.

Maelezo yangu. Yameshaandikwa. Kilichobaki ni sahihi.

Kwa kifupi yanasema: saa tisa na dakika arobaini na mbili alasiri, kitufe cha kijani kilibonyezwa, Mwenza akakabidhiwa ndege. Kitufe kikashikiliwa sekunde kumi na moja. Ndani ya sekunde hizo hizo usukani wa kapteni ukavutwa kwa nguvu kwenda kushoto, kinyume na Mwenza. Ndege ikatoka kwenye njia salama ikapiga miti.

Nikauliza, kwa hiyo Kapteni alibonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja?

Sadiki akashusha pumzi. Akasema hilo ndilo linalosikitisha. Mkono mmoja unakubali, mkono mwingine unakataa. Mzee alichanganyikiwa. Miaka hamsini na tisa, Nasrin, wewe ulikuwa unaona mikono yake ilivyoanza kutetemeka, si uliniambia mwenyewe mwezi wa pili?

Ni kweli. Nilimwambia.

Kitufe kile kiko katikati ya viti viwili. Mkono wa yeyote unafika. Rekodi inaonyesha kilibonyezwa, haionyeshi na nani. Na Mwenza huhifadhi maneno anayoambiwa yeye tu. Tunayoambiana sisi hayana kazi kwake.

Nikasema bega linaniuma, nitasoma kwa utulivu. Akasema sina haraka mdogo wangu, ila isizidi tarehe ishirini na mbili.


Jumamosi, 6 Juni

Mama Penina kaja dukani. Mjane wa Kapteni. Jina lake Marsela, lakini tangu niko Form Two na binti yake namwita Mama Penina.

Nilikuwa nimekaa kwenye kaunta, sina pa kujificha. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Akanishika bega taratibu, akauliza linauma wakati wa baridi? Amekonda. Amevaa sweta la mumewe, mikono ameikunja mara mbili.

Alikuja kununua bawaba za mlango wa banda. Lakini hakuondoka. Akangoja mpaka Baba aingie stoo, ndipo akauliza. Kule kanisani wanasema Sulle alizubaa. Wanasema kampuni imeona kwenye kompyuta. Yeye hajui kompyuta, yeye anajua mtu aliyelala naye miaka thelathini na moja. "Wewe ulikuwa karibu naye, Nasrin. Alikuwa anaogopa?"

Nikasema hapana.

"Alisema neno?"

Nikasema — aliwatuliza abiria.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa kitu kidogo akakifunga kwenye kanga. Akaniambia Mungu akubariki.

Nimeacha kaunta nikaenda kulala. Baba anadhani ni dawa.


Jumanne, 9 Juni

Arusha. Kupimwa kwenye simuleta kabla ya kurudi angani. Kijumba cheusi, viti viwili, vioo vimezunguka, nje milima ya kuchorwa. Nilikaa kulia kwa mazoea. Emmanueli, fundi wa programu, akasema kaa kushoto.

Kiti cha Kapteni.

Emmanueli ni kijana wa Mbulu, mpole, hawezi kukutazama machoni muda mrefu. Yeye ndiye aliyemfundisha Mwenza. Au tuseme Kapteni ndiye aliyefundisha, Emmanueli akaandika. Safari elfu moja na mia moja! Mwaka mzima Kapteni aliruka na vipimo kwenye usukani, kwenye pedali, kila alichofanya kikachukuliwa. Mwenza alijifunza milima hii kwa mikono yake. Na safari zake za zamani zote zilizokuwa kwenye kumbukumbu, wakaziingiza pia.

Kapteni alikuwa anacheka. "Mwanangu huyu kaniiga mpaka ubaya."

Leo nimeuona huo ubaya. Mwenza analeta ndege kutua Manyara, mikono yangu iko mapajani, sigusi kitu. Karibu magurudumu yaguse — pedali ya kushoto ikagongwa. Kidogo. Mara mbili.

Hiyo ni yake! Ndege aliyojifunzia ujanani ilikuwa inavuta kulia, ikabidi kila akitua aigonge kushoto mara mbili kuinyoosha. Ndege ile ilishauzwa chuma chakavu zamani. Yeye mguu wake haukuacha. Na sasa yeye mwenyewe hayupo, na pedali inagongwa. Niliiona inashuka chini ya mguu wangu, kama kuna mguu mwingine chini yake.

Nikaomba nitoke nje.

Emmanueli akanifuata na maji. Akasema samahani dada, tulifikiria kuitoa hiyo tabia, lakini haina madhara. Kisha akasema — kwa fahari, maskini — kwamba wameingiza na safari yetu ya tarehe kumi na nne Aprili, ile ya ajali. Wamemwachia Mwenza bila kuvutwa usukani. Amepita. Mita arobaini juu ya mwamba.

Nikamuuliza upepo je? Siku ile kulikuwa na upepo unashuka kutoka mlima Loolmalasin, unakandamiza ndege chini.

Akasema upepo hatuna kipimo chake. Tumeweka hewa tulivu.


Jumatano, 10 Juni

Ukungu tangu alfajiri, hata mnara wa msikiti hauonekani. Sikutoka.

Mita arobaini.


Ijumaa, 12 Juni

Nimerudi kutoka kuzuru kaburi la Mama. Nimekaa uani. Basi niandike.

Tuliondoka Malambo saa tisa na robo. Nareyu kwenye machela, dripu inaning'inia, anauma shuka. Sintamei kakaa nyuma yetu kabisa, magoti yake yanagusa kiti changu. Mawingu mazito upande wa milima.

Kurudi Manyara kuna njia mbili. Moja ni kuzunguka bondeni, kwa Engaruka, chini ya ukuta wa bonde la ufa. Salama, lakini inaongeza dakika kumi na mbili. Ya pili ni kukata katikati, kwenye pengo kati ya milima ya Olmoti na Loolmalasin. Kapteni alipita pengo lile ujana wake wote. Mwaka juzi upepo ulimkamata mle, kijasho chembamba kikamtoka, na toka siku hiyo hakupita tena. "Mle anapita Sulle wa zamani," alikuwa anasema. "Huyu wa sasa ana akili."

Lakini Mwenza alilishwa Sulle wa zamani. Safari mia na ishirini za pengo, zote nzuri.

Mwenza akasema: "Njia ya pengo iko wazi. Thibitisha."

Kapteni hakumjibu Mwenza, akaniambia mimi hapana. Tunazunguka.

Nareyu akapiga kelele. Sijawahi kusikia kelele ile. Niligeuka nikaona damu kwenye machela. Nikamtazama Kapteni, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Asubuhi ile alikuwa ameniuliza mara mbili tunakwenda kiwanja gani. Nikawaza — niandike nilichowaza — nikawaza huyu mzee ameisha. Anaogopa. Huyu mama atafia hapa kwa sababu ya mzee mwoga.

Semina tulizofanyiwa zilikuwa na neno moja: mkiwa na shaka, mpeni Mwenza.

"Thibitisha."

Nikabonyeza.

"Mwenza anaongoza." Ndege ikalala kulia, tukaingia kwenye weupe.

Ukitaka kumnyang'anya Mwenza usukani, unabonyeza kitufe chekundu kwenye usukani wako, anaachia. Lakini kile cha kijani kikiwa kimeshikiliwa, haachii. Walikiweka hivyo ili rubani mmoja akizimia akaulalia usukani, mwenzake amwokoe.

Nilikuwa bado nimekishikilia.

Kisha upepo. Ndege ikashuka kama imekatwa kamba. Mwenza akaanza: "Mlima mbele. Mlima mbele." Bado anaongoza, bado anaelekea pengoni, ana hakika. Nikaona kwenye wingu rangi nyeusi.

Kapteni hakupiga kelele. Alisema, "Nasrin, toa mkono."

Alisema kama unavyomwambia mtoto aliye karibu na jiko.

Sikutoa. Sikuwa nimekataa. Mkono haukunisikia. Nilikuwa namwambia mkono toka, na mkono umeganda pale.

"Toa mkono, mwanangu."

Halafu hakusema tena. Alishika usukani kwa mikono miwili — miwili! — akaweka na kifua chake, akauvuta kwenda kushoto, akipigana na mashine niliyoishikilia mimi. Ndege ikageuka. Mwamba ukapita upande wangu, karibu mno, niliona majani yaliyoota juu yake. Mbele ikawa miti. Upande wake ndio uliotangulia kupiga.

Sekunde kumi na moja. Rekodi haikukosea.

Nimeandika. Sijisikii nafuu.


Jumatatu, 15 Juni

Nimemkuta Sintamei!

Nimekwenda hospitali kuchukua cheti cha daktari, yeye kakaa kwenye benchi la kliniki ya watoto, amevaa shuka za bluu, kambeba mjukuu. Nareyu alikuwa ndani anapimwa kidonda. Nilitaka kurudi nyuma. Alishaniona. Akaniita kwa mkono.

Nikainamisha kichwa, akakigusa. Akasogea, nikakaa. Akanipa mtoto bila kuniuliza. Mzito! Ananukia maziwa. Akanishika kidole.

Kiswahili chake si kingi lakini kinatosha. Akaniambia watu wa kampuni walifika Malambo na mkalimani. Waliuliza mzee alifanya nini. Aliwajibu mzee alivuta ndege. Wakaandika. Wakauliza mzee alikuwa anaumwa? Akasema hajui. Wakaandika. Wakaondoka.

Kisha akautazama mkono wangu wa kushoto, uliokuwa umeshikwa na mtoto.

"Wewe hawakuniuliza," akasema. "Mimi niliona mkono wako. Nilikuwa hapo nyuma. Mzee anasema, wewe unashika. Mzee anasema tena, wewe unashika."

Nikamtazama mtoto.

Akauliza mzee alikuwa anasema nini, maana alisema kwa sauti ndogo.

Nikamwambia. Ni mtu wa kwanza kumwambia. Nikamwambia, alisema toa mkono.

Muuguzi akaita majina matatu, manne. Kisha Sintamei akaniuliza, mzee ni baba yako? Nikasema hapana. Akasema yeye alidhani ni baba na binti, ndiyo maana hakusema kitu. Ugomvi wa baba na mtoto mtu wa nje haingilii.

Nareyu akatoka. Akacheka aliponiona nimembeba mwanawe, akaniambia kitu kwa Kimaasai. Sintamei akatafsiri: anasema asante kwa kumleta.

Kwa kumleta!


Alhamisi, 18 Juni

Sadiki kapiga. Kuanzia Julai mosi ndege zetu zitakuwa na rubani mmoja tu na Mwenza. Na rubani wa kwanza ni mimi. Kapteni Nasrin Issa. Waandishi watakuja Manyara, picha zitapigwa.

"Umepona ajali, umerudi, ni mwanamke, ni mtu wa Karatu. Tungetafuta wapi mtu bora kuliko wewe?"

Akamalizia: yale maelezo, usisahau, Jumatatu saa nne.

Baba keshawaambia watu wa msikitini. Shangazi Salha kapiga simu kutoka Babati analia kwa furaha. Nimewaambia subirini kwanza. Hakuna aliyenisikia.


Jumamosi, 20 Juni

Nimeruka leo. Mara ya kwanza.

Manyara mpaka Malambo na kurudi, ndege tupu, kiti cha kushoto mimi, kulia Emmanueli na kompyuta yake. Mbingu safi, hakuna wingu hata la kufutia kioo. Kwenda, sikupata shida. Mikono ilikuwa na baridi tu.

Tulipogeuka kurudi, milima yote wazi. Nikaliona kovu. Mstari wa miti iliyovunjika ubavuni, ya kahawia kwenye kijani. Mfupi. Nilidhani ni mrefu zaidi.

"Njia ya pengo iko wazi. Thibitisha."

Usukani ulikuwa unatetemeka kidogo, wa hewa tu. Lakini nakuapia, nilijua mtetemo ule. Nikahisi kwamba nikigeuka kulia, nitajiona mimi, mkono umenyooshwa. Nikageuka. Emmanueli alikuwa anasafisha miwani.

Nikasema: "Hapana. Tunazunguka."

Mwenza akasema, "Naomba sababu." Kwenye skrini zikaja sababu za kuchagua. Hali ya hewa. Hitilafu. Afya ya rubani. Nyingine. Nikakaa nazitazama. Hakuna iliyosema: kwa sababu mtu aliyekufundisha alishaacha.

Nikabonyeza Nyingine. Tukapita Engaruka, chini ya ukuta, mashamba ya watu yanaonekana vizuri kabisa.

Emmanueli akaniambia usijali dada, usumbufu huo unaisha. Toleo la Septemba halitaomba thibitisho. Likiona njia salama litaipita. Na rubani akivuta usukani kwa nguvu, halitaachia.

Nikauliza kwa nini.

Akasema kwa sababu ya ajali yenu. Kila tukio linaingizwa kwenye mafunzo ya Mwenza na jibu lake: nani alikuwa sahihi, nani alikosea. Safari ya tarehe kumi na nne inaingia na jibu "kosa la rubani". Ripoti ikishasainiwa tu. Mwenza atajifunza kwamba pale alikuwa sahihi, na mkono wa binadamu ndio ulioharibu.

"Ndege zote?"

"Zote. Na kuna kampuni nyingine mbili wanataka kununua."

Kwa hiyo uwongo wangu utafundishwa. Utaingia kwenye milima, kwenye mvua, kwenye ndege nisizozijua zimebeba akina Nareyu nisiowajua, na hautachoka wala hautazeeka. Na safari hiyo hakutakuwa na wa kuvuta kushoto.

Tulipotua pedali iligongwa mara mbili. Nikaiacha igonge.

Baada ya kuzima injini nikamwuliza Emmanueli: ingekuwaje kama aliyeshikilia kitufe si Kapteni?

Alikuwa anakunja nyaya. Akaacha kukunja. Kwa mara ya kwanza alinitazama machoni muda mrefu. Akasema, basi jibu linageuka. Kama aliyevuta hakubonyeza, alivuta akijua anachofanya. Tungelazimika kutafuta kipimo cha upepo. Tungelazimika kuanza upya.

Hakuuliza zaidi. Akakunja nyaya mpaka mwisho, akaniambia safari njema.


Jumapili, 21 Juni

Nimeandika maelezo mengine. Ukurasa mmoja na nusu, kwa mkono wangu. Huu huu wa — mimi huandika kwa mkono wa kushoto. Sikuwahi kufikiri hilo ni jambo la kuandika.

Nimemwambia Baba baada ya chai. Nilidhani atafoka. Alisikiliza yote, akauliza swali moja: "Wangeamini ni Kapteni aliyebonyeza, mpaka lini?" Nikasema mpaka kufa. Akavua kofia yake akaiweka mezani, akakaa anaitazama. Kisha akasema leseni utanyang'anywa. Nikasema najua. Akasema huenda na mahakamani ukafika. Nikasema najua.

Akasema, "Usianzie Arusha. Anzia Ganako."

Hakufungua duka leo.


Jumatatu, 22 Juni

Ganako. Saa mbili na nusu asubuhi. Naandikia gotini, nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko la Mama Penina. Baridi kali. Vidole havifuati mstari.

Nimeshasema.

Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Nilikataa chai, nikakataa kiti, nikasema nikiwa nimesimama ili nisipate nafasi ya kulia. Nikasema kitufe kilishikwa na mimi. Mzee Sulle alikataa njia ile na alikuwa sahihi. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Aliniambia toa mkono, mara mbili, sikutoa. Mtoto wa Nareyu yuko hai kwa sababu alivuta. Na siku ile dukani nilikudanganya.

Hakuacha kuchambua. Punje mbovu huku, nzuri huku. Nilimaliza, bado anachambua. Jogoo akapita katikati yetu.

Mwishowe akauliza: "Alikuita jina?"

Nikasema, mara ya kwanza aliniita Nasrin. Mara ya pili aliniita mwanangu.

Ungo ukatulia.

Nilisikia simu yangu mfukoni — Sadiki, bila shaka, mkutano ni saa nne na mimi niko huku. Ikaita, ikakata, ikaita.

Akasema: "Mimi nimesikia. Penina hajasikia. Kaa hapo. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako, kama ulivyoniambia. Mimi sitakusaidia neno."

Akainuka akaenda ukingoni mwa shamba, akamwita kwa Kiiraqw.

Naliona shamba lote kutoka hapa. Mahindi yamekauka tayari kuvunwa, ukungu umekaa juu yake. Yanatikisika mstari mmoja, yanakuja huku. Kimya, kisha yanatikisika tena.

Ametokea. Kafunga kilemba cha kazi, gunia begani. Tangu kabla ya ajali hatujaonana. Ananiona, anaangusha gunia, anatabasamu! Anakuja anafuta mikono kwenye kanga. Anasema Nasrin, lini umetolewa bandeji, mbona wamekuacha nje kwenye baridi hivi, ingia ndani, mama, mbona hujampa hata chai —

Na mama yake amesimama mlangoni, hanipishi. Anasema hapana. Ataingia baadaye, kama utamruhusu wewe.

Penina anatutazama, yeye, mimi, yeye. Bado anatabasamu kidogo. Ananiuliza kuna nini. Naweka daftari chini.